Safari Huisha Lini?

Katika mafundisho ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoshika mizizi pwani yetu, msafiri ana ruhusa zake: sala ya rakaa nne huisali mbili, adhuhuri huichanganya na alasiri, na Ramadhani akifungua hulipa baadaye. Lakini ruhusa hizo zina kikomo. Akifika mji na nia yake ni kukaa siku nne kamili, pasipo kuhesabu siku ya kuingia wala ya kutoka, safari yake imekatika. Tangu hapo ni mukimu, yaani mkaazi, na sala yake ni kamili kama ya wenyeji. Wahenga nao hawakuwa mbali na hukumu hiyo waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Swali langu ni kama hukumu hii inakomea kwenye mswala. Kijana wa Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, aliyepata udhamini wa masomo au mkataba wa kazi Japani atakaa huko miaka miwili, minne, pengine kumi. Kwenye sala atatimiza rakaa zake zote. Je, jikoni kwake na mbele ya jirani aendelee kujihesabu msafiri? Mimi nasema hana ruhusa hiyo. Aliyepanga nyumba amekwisha kabidhiwa jembe, hata kama moyo wake bado uko Kisauni.

Tazama nyumba yenyewe inavyopatikana. Mkataba wa kawaida wa upangaji Japani ni wa miaka miwili. Anayehamia ana siku 14 za kwenda kujiandikisha manispaa. Anwani yake huandikwa kwenye kadi ya ukaazi, na huko huko, asiye na bima ya mwajiri hujiunga na bima ya afya ya taifa. Kisha huja mambo madogo yasiyomo kwenye mkataba. Kila manispaa ina kalenda yake ya taka: siku za taka za kuchomwa, siku ya plastiki, siku ya chupa na mikebe. Mfuko hutolewa asubuhi ya siku yake, ukawekwa mahali pa mtaa mzima na kufunikwa wavu ili kunguru wasiupasue. Ukikosea siku, wazoaji huubandika karatasi ya onyo wakauacha pale pale, kila apitaye auone. Viatu huvuliwa mlangoni, jambo lisilomtaabisha mtu wa pwani, ila huko hugeuzwa pia, ncha zikatazama nje. Na anayehamia, kwa desturi, huwabishia hodi majirani na kijizawadi, taulo au sabuni. Anayejiona msafiri huyachukulia yote haya kuwa adha za watu wengine. Lakini mfuko ulioachwa siku isiyo yake lazima kuna mtu atakayehangaika nao, na mtu huyo ni jirani. Kurani, katika Sura ya An-Nisaa, imeamrisha wema kwa jirani, na wafasiri wengi wamemtia humo hata asiye ndugu na asiye wa dini moja. Huko Japani, haki ya jirani ndiyo hiyo kalenda na huo wavu. Ibada haikupunguzwa kwa sababu ya ugeni; vipi haki ya mja ipunguzwe?

Pingamizi la kwanza ni la nyumbani kwetu: mwacha mila ni mtumwa. Akizama mno katika maisha ya Kijapani, watu husema, atarudi mtu mwingine, au hatarudi kabisa. Hofu hii si ya kubezwa, lakini mfano wa mtu tunayemjua hauiungi mkono. Douglas Wakiihuri alizaliwa Mombasa mwaka 1963. Mwaka 1983 alikwenda Japani kujifunza mbio chini ya kocha Kiyoshi Nakamura, akajifunza na lugha. Nakamura alifariki mwaka 1985. Mwanafunzi asingelaumiwa kama angefunga virago. Alibaki na kuendelea na mazoezi. Mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma, na mwaka 1988 akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Seoul, mara zote mbili akiwa amevaa jezi ya Kenya. Kutulia kwake Japani ndiko kulikomfikisha hapo. Anayepoteza mila kwa urahisi mara nyingi ni yule asiyetulia popote: anaishi kwa kula chochote, kulala popote, bila saa ya sala wala ya jirani, kwa kuwa yote ni ya muda.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu linatoka ndani ya dini. Mtume alimuusia sahaba wake Ibn Umar awe duniani mithili ya mgeni au mpita njia. Ikiwa dunia yote ni njia, mbona tumhimize mtu kutulia Japani? Jibu ni kwamba wasia huo haukuwahusu walio ng'ambo peke yao. Aliyezaliwa Kongowea akafia Kongowea anausiwa vile vile. Basi hauwezi kuwa hoja ya kuipenda nyumba ya Bombolulu na kuidharau ya Osaka. Mbele ya wasia huo nyumba zote mbili ni za kupita. Unachokataza ni tamaa, mtu kujilimbikizia kana kwamba haondoki. Na mpita njia mwema hauchafui mti aliopumzika chini yake.

Wapo watakaomrejea Ibn Umar huyo huyo kwa hoja nyingine: imepokewa kuwa alikwama Azerbaijan miezi sita kwa theluji, na muda wote alikuwa akipunguza sala. Kwa hiyo, wanasema, jambo linategemea nia, na anayesema kila mwezi kwamba mwezi ujao anarudi Mombasa bado yumo safarini. Hapa wanazuoni wamehitilafiana kweli. Wahanafi wanampa ruhusa ndefu anayetarajia kuondoka leo au kesho. Mashafii, kwa kauli yenye nguvu kwao, wamemwekea ukomo wa siku 18. Lakini hata tukichukua ruhusa iliyo pana zaidi, ni ya mtu anayezuiliwa, aliyefungiwa njia na theluji au anayengoja haja itimie. Haimhusu aliyetia saini miaka miwili kwa hiari, akanunua jiko la wali na kulipa bima. Nia hujulikana kwa vitendo, na saini ni kitendo.

Pingamizi la tatu ndilo gumu. Jembe hutolewa na mwenyeji. Na kama mwenyeji hataki kulitoa? Japani karibu maiti wote huchomwa, na makaburi ya Waislamu ni machache. Waislamu wa Beppu, kisiwani Kyushu, wamehangaika kwa miaka kupata ardhi ya kuzikia katika mji jirani wa Hiji. Wakazi waliingiwa na hofu juu ya maji yao, na mwaka 2024 akachaguliwa meya aliyeupinga mpango huo. Mtu asiye na mahali pa kuzikwa atasemaje yuko kwake? Kwanza tukiri kwamba sheria yenyewe imetenganisha ngazi. Mashafii wanataka watu 40 ili Ijumaa isimame, nao wawe mustautini, waliofanya mji kuwa makao yao yasiyohamwa. Mwanafunzi mukimu inampasa Ijumaa, lakini hahesabiwi katika hao 40. Uenyeji kamili, basi, ni jambo jingine, unahitaji pande mbili, na Japani upande mmoja bado unasita. Wajibu wa mukimu haungoji hilo.

Na kwa hili, Ziwa la Ng'ombe lina la kusema. Mombasa bara imejaa nyumba ambazo mwenye nyumba siye mwenye ardhi: amejenga, anapangisha, na kila mwezi anamlipa kodi ya kiwanja mwenye shamba. Hati hana, na wasiwasi wa kubomolewa haumtoki. Jirani yake wa kutoka bara amekaa miaka 30, bado Disemba anasema anakwenda nyumbani, na akifa watachanga kumsafirisha. Hata hivyo ni hao hao waliochimba vyoo, wakajenga misikiti na makanisa, wakasomesha watoto. Wangengoja hati na kukubaliwa, kusingekuwa na mtaa. Tuliona pia Likoni mwaka 1997 yanayotokea mkazi anapohesabiwa mgeni daima: watu waliuawa na maelfu wakafukuzwa kwa sababu ya asili zao. Anayelaani hayo hana uso wa kujiita mgeni wa daima kwa hiari yake pindi anapofika kwa watu.

Msikiti wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935 na wafanyabiashara Wahindi na Watatari, wengi wao wakiwa na kwao kwingine kabisa. Ulisimama katika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995, na unasaliwa hadi leo na watu ambao waasisi hawakuwajua. Waliojenga hawakuwa na uhakika wa kuzikwa pale. Walijua tu kwamba wapo. Hivyo kijana wetu hatakiwi kuapa kwamba Japani ni kwao, wala kuisahau Kisauni. Anatakiwa ajue siku ya taka, ajibu salamu ya jirani, apike chakula cha halali kwa saa zake na alipe anachodaiwa. Akirudi baada ya miaka minne, atakuwa ameishi miaka minne. Aliyekaa akingoja kurudi, miaka hiyo itahesabiwa katika umri wake vile vile, naye hatakuwa na la kuonyesha.