Niliona kamba, kumbe ni mkia

Nyumbani kwangu Kiseke nafuga bata saba, majike sita na dume mmoja mwenye kiburi. Ni hawa bata wazito wenye nyama nyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini, ingawa ukimwambia mtu wa Mwanza kwamba ni wageni atakucheka. Hawana makelele, hawachagui chakula, na jike akiamua kuatamia hukaa juu ya mayai siku 35 bila kukusumbua. Ni mfugo wa mtu mvivu, nami nilijijua.

Msimu wa mvua mayai yakaanza kupotea. Leo matatu, kesho mawili, keshokutwa kiota kitupu. Hakuna ganda, hakuna ute uliomwagika, nyasi za kiotani zimetulia kama zilivyokuwa. Nikasimama pale bandani, mikono kiunoni, nikatoa hukumu: huyu ni mtu. Mnyama hana adabu ya kuondoka na maganda.

Na mtu mwenyewe nilikuwa naye tayari. Nyuma ya ukuta wangu kuna uwazi katikati ya mawe, watoto huchezea chandimu hapo, na mpira wao huangukia kwangu kila siku. Mmoja wao, wa miaka kama kumi hivi, ndiye hutumwa kuufuata. Anapiga hodi, "Shikamoo baba, tunaomba mpira," anapita kando ya banda, anaokota, anatoka mbio. Mama yake hukaanga mihogo barabarani na wamepanga chumba kimoja. Upelelezi wangu ulikwisha kabla haujaanza.

Jioni moja nikamsimamisha mbele ya wenzake. Nikamwambia kwamba safari ijayo nitampeleka kwa balozi. Hakujibu, aliinamia mpira wake tu. Usiku mama yake akaja, hata kuketi hakuketi. "Mzee, mtoto anasema hakuchukua. Lakini sitaki ugomvi na jirani." Akanipa shilingi elfu mbili. Nikazipokea. Tena nikamwambia mke wangu kwamba hakuna anayelipa asichoiba. Mke wangu akaniuliza kama nilimwona. Nikajibu sikumwona, ila najua.

Siku mbili baadaye mayai yakapotea tena, na mpira haukuwa umeingia.

Jirani yangu wa upande wa pili ni mzee aliyekulia Kayenze, kando ya ziwa, na tangu mwanzo alikuwa ameniambia nimwage majivu kuzunguka banda. Sikumsikiliza. Safari hii nikamwaga. Asubuhi nikakuta vijiguu vya panya na nyayo za paka, na mayai manne yapo salama. Nikayaacha makusudi, nikaenda zangu dukani. Niliporudi saa tano kiota kilikuwa kitupu, na juu ya majivu ulipita mstari mmoja wa kupindapinda, kutoka kwenye tundu la maji machafu chini ya ukuta mpaka kiotani, kisha ukarudi ulikotoka. Nikamwita mke wangu kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Unaona? Amekuja na kamba!"

Kamba ya kufanyia nini, sikujiuliza. Na mtoto wa miaka kumi anapitaje kwenye tundu la maji machafu? Hilo nalo sikujiuliza.

Mzee akaja na fimbo yake, akachuchumaa. Akanionyesha alama za kucha, kushoto na kulia mwa ule mstari, zikipishana. "Mwanangu, hiyo kamba yako ina miguu. Huyu ni kenge, na huo ni mkia wake."

Akanipa somo papo hapo, na ningelisikia mapema lingeniokoa. Nguchiro hulibeba yai mpaka penye jiwe, akaligeuzia mgongo na kulirusha nyuma katikati ya miguu yake mpaka lipasuke, kwa hiyo maganda yake utayakuta chini ya jiwe. Kunguru hutoboa kwa mdomo. Panya huguguna, na ukingo wa tundu analoliacha kwenye yai huwa na mikwaruzo ya meno. Kicheche huja usiku, na ukimkuta na njaa utampoteza bata pamoja na yai. Hata bata mwenyewe anayekosa chokaa mwilini huweza kula mayai yake. Huyo mtazame mdomo, utauona umegandwa na kiini. Pimbi wanaoshinda juu ya mawe yetu hawahusiki, wao ni wala majani. Lakini kenge hulimeza yai zima, ganda na vyote, na hatoki mpaka jua limpashe mwili joto.

Kumbe ule usafi niliouona kuwa ushahidi dhidi ya mtoto ndio uliokuwa saini ya kenge. Maisha yangu yote nimesema msafara wa mamba na kenge wamo, nikidhani kenge anajipendekeza kwa wakubwa. Mzee alicheka. Kenge, alisema, anafuata mayai. Mamba akiondoka kwenye shimo lake, kenge hufukua na kula.

Mke wangu akamalizia kwa hesabu ambayo mimi sikuipiga. Bata hutaga alfajiri. Mayai yalikuwa yakipotea kabla ya adhuhuri. Mtoto anatoka shule saa nane.

Sisi wa kanda hii tulipaswa kuwa wa mwisho kuhukumu kwa kutazama uso. Usukuma umewazika bibi wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, kosa lao macho mekundu, na macho yenyewe yaliiva kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia kwa kukosa kuni. Na watu waliofanya hivyo si watu wasiojua ushahidi. Ng'ombe akiibwa, hapa hupigwa yowe la mwano na vijana hufuata kwato usiku kucha. Sungusungu walioibuka miaka ya 1980 waliijua kazi hiyo vizuri. Kwa ng'ombe tulidai unyayo. Kwa bibi kizee jicho lilitutosha. Silinganishi mayai yangu na damu ya mtu, ila nimeshtuka kuona jinsi njia inavyofanana mwanzoni: unamchagua kwanza asiye na mtetezi, kisha kila kitu unachokiona kinamfaa yeye, hata mkia wa kenge.

Nilirudisha zile elfu mbili pamoja na mayai sita. Nilimwomba radhi mama mbele ya wateja wake wa mihogo, kwa kuwa mwanawe nilimwaibisha mbele ya wenzake. Akasema yamekwisha. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yake. Nilipomwita alisogea, akaniamkia kama alivyofunzwa, akarudi mahali pake.

Tundu nimeliziba kwa wavu wa chuma, na mayai nayaokota saa moja asubuhi. Kenge bado yupo. Jua likipanda hulala juu ya jiwe ng'ambo ya mtaro, amejinyoosha, ananitazama bila wasiwasi wowote.

Mpira nao bado huangukia kwangu. Hakuna anayepiga hodi. Nasikia kelele zao zikikatika ghafla nyuma ya ukuta, wanasubiri, nami nauokota na kuwarushia.