Mkamia Maji Hayanywi: Juhudi ya Wokovu Isiyo na Ufahamu

Methali hii haimlaumu mwenye kiu. Kiu ni haki yake, na maji yapo. Anayelaumiwa ni mkamia: yule anayeyaendea maji kwa vishindo, akili yake yote ikiwa kwenye kunywa kwake, hata akapaliwa kabla hayajashuka kooni, au akayamwaga njiani. Wapenzi wa soka wanaijua hali hiyo wanaposema timu imekamia mechi: wachezaji wanakimbia dakika tisini bila kupumzika, wanakaba kufa na kupona, na bado goli wanafungwa wao. Wazee waliona jambo ambalo mawaidha mengi hulikwepa, kwamba juhudi yenyewe inaweza kumzuia mtu asikipate anachokihangaikia. Methali hii husemwa zaidi kwenye biashara, uchumba na siasa. Naona inafaa zaidi kanisani, hasa katika pembe ile ya Kagera inayoanzia Ngara, ikapita Keza na kushuka kuelekea Biharamulo, ambako kwa miaka zaidi ya themanini sasa kuokoka ni habari ya kila siku, sokoni na msibani.

Mtume Paulo aliliona jambo hilohilo. Katika sura ya kumi ya Waraka kwa Warumi anawashuhudia ndugu zake kwamba juhudi kwa ajili ya Mungu wanayo, ila juhudi hiyo haina maarifa. Anayesema hivyo aliyapitia. Kabla ya safari ya Dameski alikuwa na bidii ya dini kuliko wenzake wa rika lake, na nguo za waliompiga Stefano mawe ziliwekwa miguuni pake, naye akiamini kwamba anamtumikia Mungu. Sasa tazama sababu anayoitoa. Hasemi kwamba hawakusoma. Torati waliijua nukta kwa nukta, na yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Gamalieli. Anasema walishughulika kuisimamisha haki yao wenyewe, na kwa hiyo hawakuweza kuipokea haki itokayo kwa Mungu. Maarifa anayoyataja, basi, hayapimwi kwa cheti wala kwa idadi ya mistari iliyokaririwa. Ni kumjua anayeokoa, na kukubali kwamba anaokoa yeye. Mkamia wokovu anakosa hapo: wokovu ni zawadi, naye anaukimbilia kama mshahara.

Chukua mkesha wa Ijumaa katika kanisa lolote la kijijini huko. Spika mbili zinatumia betri ya sola, kinanda kimeazimwa kanisa jirani, na watu wanaingia tangu saa tatu usiku wakiwa na kanga na majaketi kwa sababu ya baridi ya vilimani. Wapo waliofunga kavu siku tatu, hawakuonja hata maji, na mchana walikuwa shambani wakipalilia maharage. Sauti zinapaa, wengine wananena kwa lugha, wengine wanaanguka na kufunikwa vitenge. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Anayeomba usiku kucha baada ya kulima kutwa si wa kuchekwa na mtu aliyelala. Wasiwasi wangu uko kwenye hesabu inayojificha ndani ya maombi: nimefunga, nimekesha, nimepanda mbegu ya sadaka, sasa Bwana huna budi kunijibu. Mwombaji amegeuka mdai. Mtoto asipopona, mhubiri hamwambii mama yake kwamba hesabu ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Anamwambia imani yake ni ndogo, afunge tena, safari hii siku saba. Mama huyo anaweza kuishi miaka ishirini katika bidii ya namna hiyo asipate hata siku moja ya amani ambayo injili inamwahidi bure.

Juhudi hii ya wokovu ina historia yake karibu sana na vijiji hivyo. Gahini, kando ya Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, ndiko uliko mmoja wa mizizi mikubwa ya Uamsho wa Afrika Mashariki. Daktari Joe Church, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni hapo, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Kampala mwaka 1929, na kutokana na urafiki wao, pamoja na kazi ya watu kama Yosiya Kinuka na Blasio Kigozi, ukatoka moto uliosambaa Uganda, Kenya na Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umefika Katoke, mkoani Kagera, na ukaenea vijijini kupitia walimu na wainjilisti. Watu walilia, waliimba usiku kucha, walirudisha mali walizoiba, wanaume waliungama mbele ya wake zao. Juhudi ilikuwa kubwa kupita kiasi, hata majirani wakaona aibu. Lakini ilikuwa na breki mbili. Ya kwanza ni kiini cha ujumbe, damu ya Yesu, iliyosisitizwa mpaka wakosoaji wakachoka kuisikia. Aliyeokoka hakuwa na cha kujivunia. Ya pili ni ushirika: mlokole alitakiwa kutembea nuruni, maana yake ndugu yeyote, awe mfanyakazi wa ndani au mkulima asiyejua kusoma, aliruhusiwa kumuuliza daktari wa Kizungu kuhusu hasira yake. Kila breki hizo zilipolegea, mambo yaliharibika. Katika miaka ya 1970 kundi la walokole wa Uganda lililojiona limeamka upya liliwatenga wenzake, na miongoni mwa vipimo vyake vya wokovu ikawamo marufuku ya kukopa. Orodha ya marufuku ikachukua nafasi ya msalaba, na waliookoka wakaanza kuulizana nani ameokoka zaidi.

Kuna ushahidi mzito kuliko huo, nao uko ng'ambo ya Mto Kagera. Kufikia mwaka 1991 karibu watu tisa kati ya kila kumi nchini Rwanda walijitambulisha kuwa Wakristo. Makanisa yalijaa, kwaya hazikukosa waimbaji, na Gahini ilikuwa imeadhimishwa kwa miongo sita. Aprili 1994, katika parokia ya Nyarubuye, si mbali na daraja la Rusumo, maelfu ya watu waliokimbilia kanisani wakitafuta usalama waliuawa, na miongoni mwa wauaji walikuwamo majirani zao. Meya wa Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, aliyeongoza mauaji hayo, alivuka mto na kuonekana Benaco, wilayani Ngara, ambako tarehe 28 na 29 Aprili karibu watu robo milioni walikuwa wameingia kwa muda wa siku moja. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu miaka thelathini mwaka 2004, na rufaa ya mwaka 2006 ikaifanya kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2003 mahakama hiyohiyo ilikuwa imemtia hatiani mchungaji wa Kisabato, Elizaphan Ntakirutimana, na baadaye ikamtia hatiani padri Athanase Seromba. Watu wa Ngara hawakuzisoma habari hizi gazetini. Waliwapokea wakimbizi kwenye mashamba yao, na waliiona miili ikielea mtoni kuelekea Ziwa Victoria.

Mtu atasema hiyo ilikuwa siasa, si dini, na kwamba ninaubebesha uamsho mzigo usio wake. Nusu ya pingamizi hilo ni kweli. Mauaji yale yalipangwa na wanasiasa, na hakuna aliyeua kwa sababu alifunga na kuomba mno. Hoja yangu ni nyingine: juhudi ya ibada haikumzuia aliyetoka Misani Jumapili asishike panga Jumatatu. Alikuwa amefundishwa kuimba, kutubu uzinzi na kuacha pombe. Kwamba Kristo yuleyule alimfia pia jirani wa kabila jingine, hilo halikushuka moyoni. Na kuna upande wa pili wa ushahidi, unaonyesha kwamba haikulazimika iwe hivyo. Katika Kenya ya miaka ya 1950, waliookoka wengi wa nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakaikataa pia bunduki ya serikali ya kikoloni, kwa sababu waliona hawawezi kumuua mtu ambaye Bwana wao alimfia. Baadhi walilipa kwa maisha yao. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho huohuo, aliuawa na utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kuandika barua ya kupinga mauaji. Hawa hawakuwa na juhudi pungufu kuliko wa mkesha. Walijua wameokolewa na nani na kwa ajili ya nini, na kujua huko kuliiamuru mikono yao.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa walokole wenyewe. Wanasema neno ufahamu ni fimbo ya wasomi; wenye makoti marefu hulitumia kuwanyamazisha wanyonge waliojazwa Roho. Wana kumbukumbu nzuri. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwamo, kwa kung'ang'ania maombi ya alfajiri na kuhubiri walipokatazwa. Historia imewatetea waliofukuzwa kuliko waliofukuza. Lakini kisa hicho kinaniunga mkono. Kinathibitisha kwamba shahada na ufahamu ni vitu viwili, na kwamba mtu anaweza kuwa mkuu wa chuo asitambue kinachotokea mbele ya macho yake. Kwingine nako limethibitishwa jambo hilohilo, tena kwa damu. Katika viongozi wa kundi la Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako mamia ya waumini waliteketea ndani ya nyumba ya ibada tarehe 17 Machi 2000, alikuwamo padri Dominic Kataribaabo, msomi wa shahada ya uzamili kutoka Marekani. Shahada haikumsaidia, wala haikuwasaidia waliomwamini kwa sababu anayo. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na darasa hata moja, na alifahamu yote aliyohitaji kufahamu: kwamba hana cha kutoa, na kwamba aliye pembeni yake anacho cha kumpa.

Lipo na pingamizi la uvuguvugu. Kitabu cha Ufunuo kinawakemea Walaodikia kwa kutokuwa moto wala baridi. Je, si afadhali moto wenye moshi kuliko jiko lililozimika? Wanaouliza hivyo wanayafikiria makanisa ambamo ibada inakwisha kwa saa moja na nusu na mzee wa kanisa anasinzia wakati wa mahubiri, na siwezi kusema wanasingizia. Ila wanadhani kwamba kipimo ni kimoja, kutoka baridi hadi moto, na kosa likitokea upande wa moto basi ni la kuzidi tu. Kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walichokosa si ubaridi kidogo wa kuwapoza. Wangekuwa wamefundishwa kwamba neema ya Mungu haiishi kama dizeli kituoni, wasingekuwa na haja ya kumkanyaga mtu. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, ya watu wanaodaiwa kufunga hadi kufa ili wakakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa, naye akakana mashtaka. Vyovyote mahakama itakavyoamua, mafundisho hayo yalimgeuza Kristo kuwa mtu anayefikiwa kwa kufa na njaa, wakati Injili zinamwonyesha akiwagawia wenye njaa mikate. Ukiongeza bidii juu ya kosa la namna hiyo, unamfikisha mtu kaburini mapema zaidi.

Linabaki swali la nani atampima nani, maana kila mhubiri atasema juhudi yake ndiyo yenye ufahamu. Kigezo ninachokiamini ni kukubali kuulizwa. Juhudi iliyosimama juu ya haki ya mtu mwenyewe haivumilii swali, kwa sababu swali linatikisa jengo zima. Mhubiri wa namna hiyo atasema usimguse mpakwa mafuta wa Bwana, na mjadala unaishia hapo. Luka, katika Matendo ya Mitume, anawasifu watu wa Beroya waliomsikia Paulo kisha wakaenda kuyachunguza Maandiko kila siku kuona kama asemayo ndivyo yalivyo. Kama Paulo alihakikiwa na wasikilizaji wake, nabii wa kwenye turubai pale senta ana kinga gani? Kazi hiyo haisubiri askofu atoke makao yake Murgwanza. Inaweza kufanywa na kikundi cha akina mama wanaokutana Jumatano, wakiwa na Biblia moja na mmoja wao anayesoma kwa sauti, mradi wawe huru kusema: hapa mchungaji alisema vile, na Maandiko yanasema hivi.

Na asiwepo wa kuogopa kwamba kuulizwa kutazima moto. Sura ya 18 ya Matendo ya Mitume inamtaja Apolo wa Aleksandria, mtu wa ufasaha, hodari katika Maandiko, mwenye roho iliyowaka, ambaye hata hivyo alijua ubatizo wa Yohana tu. Hakuwa mwongo, alifundisha kwa usahihi kile kidogo alichokijua. Waliomsikia katika sinagogi la Efeso walikuwa mke na mume, Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema. Hawakumpigia kelele wala hawakumwita mpotoshaji mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Msomi mwenye jina akakaa kwa watu wa sindano na ngozi akasikiliza. Luka haandiki kwamba alibishana, wala kwamba alipoa. Anaandika kwamba ndugu walimpa barua ya utambulisho, akavuka kwenda Akaya, na huko akawafaa sana waliokuwa wameamini kwa neema.