Kukosea si Kudanganya

Mwaka jana mjomba wangu alimwita fundi mmoja mwizi mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, nikatikisa kichwa kukubali. Siku kumi baadaye tuligundua kwamba kijana yule hakuwa mwizi. Insha hii imetokana na aibu hiyo. Maswali ninayotaka kuyajibu ni mawili. Mtu asiyejua kazi atamwaminije anayeijua? Na akipata hasara, ana haki gani ya kusema kwamba amedanganywa?

Gari lenyewe ni Subaru Impreza ya zamani yenye turbo. Mjomba aliishi Nairobi ujanani, na hajasahau mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally akiendesha Impreza. Alipopata fedha kidogo alilinunua gari hilo kwa mtu mmoja Kampala, likapita Nimule na kuingia Juba kwa ile barabara ya lami ya kilomita 192. Usukani wake uko kulia, ingawa sisi Sudan Kusini huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo kila anapotaka kulipita lori inabidi abiria amchungulilie. Mjomba halijali hilo. Ndilo gari alilolitamani maisha yake yote.

Asubuhi moja tulikuta doa jeusi chini yake. Tulipoliendesha, harufu ya oili inayoungua ilijaa ndani. Tukalipeleka kwa fundi kijana. Aliingia chini ya gari, akaona oili imejaa pale injini inapoungana na giaboksi, akatoka baada ya dakika tano. "Mzee, sili ya nyuma ya krankshafti imekufa. Lazima tushushe injini." Kushusha injini ni kazi ya siku nzima na zaidi, na gharama yake si ndogo. Mjomba alilipa. Sili mpya ikafungwa, gari likarudi nyumbani likiwa safi. Wiki moja baadaye doa lilikuwa palepale.

Ndipo mjomba alipokwenda kumtukana. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walisikiliza, wakatazamana, kisha wakaondoa magari yao.

Fundi wa pili alikuwa mzee, Mganda aliyekaa Juba miaka mingi na anayezungumza Kiswahili cha gereji, kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba. Kwanza aliuliza maswali. Gari limetoka wapi? Nani aliwahi kulifungua? Mjomba akakumbuka, kwa sauti ya chini, kwamba muuzaji wa Kampala alimwambia tapeti kava ya upande wa kushoto iliwahi kufunguliwa na kufungwa tena kwa silikoni. Kwa yule kijana hakulitaja jambo hilo. Alihofia kwamba fundi akijua gari lina historia, atapandisha bei.

Kisha mzee aliiosha injini kwa dizeli na brashi, akaikausha, akaiwasha na kuiacha ingurume. Alimulika kwa tochi, hakuona kitu. Akaliendesha gari mwendo mfupi, akarudi, akamulika tena. "Kaka, inama uone mwenyewe," alimwambia mjomba. Uzi mwembamba wa oili ulikuwa ukitoka kwenye gasketi ya tapeti kava ya kushoto. Injini ya Subaru imelala ubavu, silinda mbili upande huu na mbili upande ule, kwa hiyo tapeti kava ziko pembeni, karibu na bomba la ekzosi. Oili ikivuja pale, nyingine hudondokea ekzosi na kuungua, na nyingine husukumwa nyuma na upepo gari likiwa mwendoni, hadi kwenye giaboksi. Mahali oili inapodondokea si lazima pawe mahali inapotokea. Gasketi ikabadilishwa bila kushusha chochote, na mpaka leo pako pakavu.

Mjomba alipoanza kumsimulia habari za "yule mwizi", mzee alimkatiza. Alisema kwamba hata yeye angeona oili nyingi pale nyuma, wazo lake la kwanza lingekuwa sili. Tofauti ni kwamba yeye huosha kwanza.

Turudi kwenye swali. Katika kitabu cha kwanza cha Republic, Plato anamwonyesha Socrates akimsumbua Polemarchus kwa hoja hii: aliye hodari wa kukinga maradhi ndiye pia aliye hodari wa kuyapandikiza kwa siri, na mlinzi bora wa mali ndiye anayejua vizuri kuiiba. Ujuzi peke yake haumwambii mtu autumie vipi. Mikono inayoweza kuponya injini ndiyo inayoweza kuiharibu bila mwenye gari kujua. Hapo ndipo hofu yetu inapozaliwa. Tukiwa mbele ya fundi hatuogopi ujinga wake tu, tunaogopa hata ujuzi wake.

Hofu hiyo ina msingi, lakini hutufanya tufikiri kwamba kuna mafundi wa aina mbili tu, wakweli na wezi. Naona kuna aina ya tatu, na nadhani ndiyo yenye watu wengi. Ni fundi asiyekusudia kudanganya, lakini anayetamka kwa uhakika jambo ambalo hajalipima. Kijana yule hakusema uongo, maana mwongo hulijua kweli na kulificha, naye hakulijua. Hata hivyo sisemi kwamba hakuwa na lawama. Alisema "imekufa" mahali alipopaswa kusema "nadhani imekufa, tuoshe kwanza tuone". Alituuzia uhakika ambao hakuwa nao. Hilo ni kosa la kimaadili, ingawa si wizi, na anayelipa jina la wizi anatenda kosa jingine.

Je, kwa nini fundi atamke uhakika asio nao? Hapa lazima tujitazame sisi wateja. Tunataka jibu kwa dakika tano, na tunalitaka bure. Tunakubali kulipia spea kwa sababu tunaishika mkononi, na tunalipia jasho kwa sababu tunaliona. Saa mbili za kuosha, kusubiri na kumulika tunaziita kupoteza wakati. Fundi anayesema "sijui bado" tunamwona hajui kazi, tunakwenda kwa anayesema "najua". Hivyo tunamfundisha kwa fedha zetu kwamba unyenyekevu haulipi.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika, kazi iliyochangia apewe Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Hoja yake ni kwamba wanunuzi wasipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, hutoa bei ya wastani kwa yote, na wenye magari mazuri huona hasara na kujitoa, mpaka sokoni yakabaki mabovu. Nadhani hali ni hiyohiyo kwa mafundi. Tukiwatendea wote kama wezi, tukamlipa mwaminifu kile tunachomlipa mlaghai, mwaminifu ataacha kazi au ataiga.

Lugha yetu inanisaidia kuona jambo jingine. Katika Kiswahili kuamini, imani, uaminifu na amana ni maneno ya ukoo mmoja. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze na ambacho si chako. Mtu anapoacha gari lake gereji, ameacha amana, na fundi anadaiwa uaminifu. Ila katika neno kuaminiana mzigo hubebwa na pande mbili. Mjomba naye alikuwa na amana mikononi mwake, yaani habari za ile silikoni ya Kampala. Fundi alizihitaji, mjomba akazificha. Alidai ukweli kutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemnyima ukweli.

Mtu anaweza kunipinga hivi: unamtwika mteja mzigo asiouweza. Mwenye teksi pale Konyo Konyo hana muda wa falsafa. Akipoteza fedha za wiki, kwake ni mamoja kama fundi alikosea au alidanganya, kwa maana watoto hawatakula nia njema ya fundi. Pingamizi hili ni zito, nami nakubali sehemu yake. Hasara ni hasara, na fundi aliyekosea anapaswa kubeba sehemu yake hata kama hakukusudia. Lakini anayekosea hudaiwa fidia. Mlaghai hudaiwa fidia na pia hupoteza jina lake. Kumvua mtu jina lake kwa kosa la kwanza, katika mji ambao fundi huishi kwa sifa zinazotoka mdomo hadi mdomo, ni adhabu kubwa kuliko kosa. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke, na sidhani walikuwa wakiwafikiria wanandoa tu.

Wala mteja hahitaji kuijua injini. Mwanafalsafa Onora O'Neill, katika mihadhara aliyoitoa BBC mwaka 2002, alisisitiza kwamba kuamini tu hakutoshi, bali tuiweke imani yetu kwa wanaostahili, na kwa hiyo tunahitaji habari tunazoweza kuzihakiki. Gereji hilo hutimizwa kwa maswali matatu ambayo hata asiyejua plagi anaweza kuyauliza. Umejuaje? Tutahakikishaje kabla ya kufungua? Ikionekana si hivyo, tutafanyaje? Fundi anayekasirishwa na maswali hayo ametuambia jambo muhimu. Anayesema "inama uone mwenyewe" ameyaweka maneno yake mahali yanapoweza kushindwa mbele ya macho yetu, na kwangu hiyo ndiyo alama ya uaminifu kuliko sura ya upole au jina kubwa la gereji. Nasi tukisha kuuliza, tulipie muda wa kujibu.

Mwezi uliofuata mjomba alirudi kwa yule kijana, nami nikafuatana naye. Alimweleza kilichopatikana, akamwomba radhi kwa neno alilolitamka. Kijana alisikiliza huku akifuta mikono, akasema naye angepaswa kuosha kwanza, akarudisha nusu ya malipo ya kazi. Walipeana mikono. Tulipokuwa tukiondoka nilitazama pale walipokuwa wamesimama wale wateja wawili siku ile. Tusi walilisikia. Kuombwa radhi hawakukusikia, na hatukujua tutawapata wapi.