Je, Kuna Binadamu Zaidi ya Binadamu?



Vijana wenzangu, leo naomba tuanzie mbali kidogo, kwenye kitabu cha katuni, halafu turudi nyumbani Singida. Mtanivumilia.

Baada ya semina ya vijana katika kigango kimoja huku kwetu, kijana wa kidato cha tatu alinifuata pembeni. Wiki hiyo alikuwa ameangalia movie ya mashujaa kwenye kibanda umiza. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Frateri, hivi kweli hakuna watu wa namna ile? Yaani wanaofanana na sisi lakini sio sisi?" Nilitaka kucheka, ila nikaona hatanii. Akaongeza: "Babu anasema hata hapa kwetu walikuwepo."

Nilimjibu harakaharaka, jibu la darasani, akaitikia "sawa Frateri" na kuondoka. Usiku ule sikuridhika na jibu langu. Hili hapa ndilo nililopaswa kumpa.

Wazo la kabila la siri lenye nguvu kupita binadamu ni la zamani, lakini kwenye katuni za mashujaa mfano wake maarufu ulitokea katika toleo namba 45 la Fantastic Four, la Desemba 1965, kazi ya Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Waliitwa Inhumans, yaani wasio binadamu. Mmoja wao, Medusa, ambaye nywele zake zinashika vitu kama mikono, wasomaji walikuwa wamekwisha kumwona miezi michache kabla akiwa upande wa maadui. Sasa wakaonyeshwa kwamba ana ndugu, na kwamba ndugu hao wamejificha katikati ya watu.

Kuna tukio moja katika toleo hilo ambalo linanifikirisha. Johnny Storm, kijana anayewaka moto bila kuungua, anakutana na binti anayeitwa Crystal mahali palipobomoka huko New York. Binti anapouona moto wake anafurahi: kumbe huyu ni mwenzetu! Anampeleka kwa ndugu zake. Wao wanapogundua kwamba si wa jamii yao, wanamgeukia. Kijana ni yuleyule, na moto wake ni uleule. Kilichobadilika ni jibu la swali moja tu: ni wetu, au si wetu?

Katika matoleo yaliyofuata tunauona mji wao wa siri milimani. Humo wamo pia viumbe waliotengenezwa wawe watumwa, wafanye kazi tu. Yaani watu waliojificha kwa kuwaogopa binadamu, nao wana wa kuwakanyaga. Ukishaanza kuwapanga watu kwa ngazi, huwezi kuishia kwenye ngazi moja.

Sasa turudi kwetu. Babu wa yule kijana hakutunga. Mkoa wa Singida una historia yake ya simba-watu. Hasa kati ya 1946 na 1948, wakati wa ukoloni wa Kiingereza, watu wengi waliuawa katika nchi ya Wanyaturu, na miili ilikutwa na majeraha kama ya makucha. Mwanzoni ilidhaniwa ni simba wa porini. Baadaye serikali ikaanza kusaka watu, na kesi za mauaji zikafika mahakamani. Wataalamu waliendelea kulijadili jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider aliliandikia upya katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Lakini vijijini maelezo yalikuwepo tayari: wapo wachawi wanaoweza kumgeuza mtu kuwa simba, au kumfuga mtu na kumtuma kama simba.

Bibi yangu alitusimulia hayo jikoni. Alikuwa akisema: "Simba wa Mungu anaogopa moto. Huyu mwingine anakuja kuota." Ukiwa mtoto, sentensi hiyo inatosha kukuzuia usitoke nje hata kama umebanwa.

Nimeikumbuka ukubwani na kugundua kinachotisha ndani yake. Anayekuja kuota moto ni jirani. Hofu ile haikuwa ya mnyama. Ilikuwa ya mtu unayemjua. Na imani ya namna hii inafanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, inamficha muuaji: aliyeua ni "simba", basi mtu aliyeshika kisu anapotea ndani ya ngozi. Pili, inamfanya kila jirani awe mtuhumiwa: mzee anayeishi peke yake, mama mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni. Mwenye hatia anapata pa kujificha, na asiye na hatia anakosa.

Sasa falsafa kidogo, msikimbie.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, alikutana na swali hilihili. Watu wa wakati wake walisimuliana juu ya jamii za ajabu: wenye jicho moja kwenye paji la uso, wenye mguu mmoja na mbio za ajabu, wenye vichwa vya mbwa. Katika Mji wa Mungu, kitabu cha 16, sura ya 8, hasemi kwamba tulazimike kuziamini hadithi hizo zote. Ila anaweka kanuni: yeyote aliyezaliwa binadamu, yaani kiumbe hai mwenye akili na mwenye kufa, hata umbo lake, rangi yake au sauti yake ikitushangaza namna gani, ametoka katika shina lile moja la Adamu. Na katika kitabu cha 18 anazungumzia watu wanaodaiwa kugeuka wanyama. Jibu lake: shetani anaweza kudanganya macho, kuumba au kubadili asili ya kitu hawezi, hiyo ni kazi ya Mungu.

Mnaona anachofanya? Anatenganisha asili na sifa. Asili ndiyo inayokufanya uwe wewe binadamu. Sifa ni mengine yote: urefu, rangi, kipaji, nguvu, ulemavu. Crystal alikosea hapo. Aliuona moto, ambao ni sifa, akadhani ameiona asili. Ndugu zake nao wakakosea kwa upande wa pili: walipojua si wa ukoo wao, wakaona hawamdai wala hawadaiwi naye chochote.

Utasema, "Frateri, hayo ya 1946 yamepita." Ningependa iwe hivyo.

Nikiwa darasa la pili, kulikuwa na mtoto mwenye ualbino shule ya jirani. Tulipokutana naye njiani tulijitemea mate kifuani, ndani ya shati, kama tulivyowaona wakubwa wakifanya, eti tusije tukazaa mtoto kama yeye. Tulikuwa tunaamini kwamba watu wa namna yake hawafi, wanapotea tu. Hatukumpiga. Hatukumtukana hata siku moja. Lakini nakumbuka alivyokuwa akituangalia tukifunua kola za mashati. Nilikwenda kuungama jambo hilo nikiwa tayari seminarini, miaka mingi baadaye.

Ukweli wenyewe ni rahisi. Ualbino unarithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, na mara nyingi wao wenyewe hawana dalili yoyote. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa namna hiyo. Kinachokosekana ni rangi kwenye ngozi, nywele na macho. Adui wake mkubwa ni jua na saratani ya ngozi. Hakuna mzimu hapo.

Lakini ile imani kwamba "hawafi" ndiyo ndugu wa ile nyingine, kwamba viungo vyao vina bahati na utajiri. Na miaka ya 2000 nchi yetu iliona ilikotufikisha, hasa Kanda ya Ziwa: watoto na watu wazima waliuawa na kukatwa viungo. Angalieni vizuri. Waliowaua hawakusema "huyu ni chini ya binadamu". Walisema ana nguvu kuliko binadamu! Hili ndilo ninalotaka mlishike leo: kumpandisha mtu juu ya ubinadamu na kumshusha chini yake ni dhambi moja. Zote mbili zinamwondolea jina la jirani.

Biblia inalijua hili. Katika Matendo ya Mitume sura ya 14, Paulo anamponya kiwete huko Listra. Umati unapiga kelele kwamba miungu imeshuka. Kuhani wa Zeu analeta mafahali watoe sadaka. Paulo na Barnaba wanararua mavazi yao, wanakimbilia katikati ya watu wakilia kwamba nao ni wanadamu kama wao. Ukiendelea mistari michache tu, wanafika wapinzani kutoka Antiokia na Ikonio, umati unashawishika, na Paulo anapigwa mawe mpaka wanadhani amekufa. Mji ni uleule. Asubuhi mungu, jioni mzoga wa kuburutwa nje ya mji. Kuna hatua moja tu kati ya madhabahu na mawe kama mtu hajawahi kuwa jirani yako.

Kwa hiyo hata sisi tunaovaa kanzu tuwe macho. Mnapotuambia "Frateri ninyi sio watu wa kawaida", tafadhali msituambie hivyo. Karama ipo, neema ipo, watakatifu wapo. Lakini neema haimtoi mtu katika ubinadamu, inauponya. Na Bwana wetu, ambaye peke yake angeweza kudai kuwa zaidi ya binadamu, alichagua njia iliyo kinyume. Wafilipi sura ya 2 inasema alijishusha akawa sawa na wanadamu. Hakujificha kati yetu akitusubiri tumgundue kwa nguvu zake. Alizaliwa, akaona njaa, akachoka, akalia kaburini kwa rafiki yake.

Basi mdogo wangu wa kidato cha tatu, kama unasoma hapa: hapana, hawapo watu wanaofanana na sisi ambao sio sisi. Wote ni sisi. Yule anayekuja kuota moto usiku ni jirani, na amekuja kwa sababu kuna baridi. Msogezee kigoda.

Maswali ya kutafakari wiki hii:
1. Ni nani katika mtaa wangu ambaye watu wanamwita "sio mtu wa kawaida"? Nimewahi kukaa naye na kula naye?
2. Je, nimewahi kusema au kusambaza maneno ya kumtuhumu mtu uchawi? Nitarekebishaje?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyekubali kuitwa Mwana wa Adamu, utufumbue macho tuwaone wenzetu kama ulivyowaumba. Utusamehe tulipomtemea mate yule uliyemfia. Amina.

Mungu awabariki.