Mwite Huyo Mtu

Wajukuu wangu, siku mtakapokuta jarida kuukuu la katuni za mapenzi kwenye vitabu vya mitumba hapa Nyeri mjini, lichekeni kwanza, maana linastahili. Kisha mlitazame vizuri.

Wamarekani Joe Simon na Jack Kirby ndio waliotoa Young Romance mwaka 1947, na wenzao wakaiga kwa miaka kama 30. Jaladani mtamkuta msichana yule yule. Machozi yanamtiririka, makubwa kama punje za mahindi, ila nywele hazijatimka hata unywele mmoja na rangi ya mdomo iko pale pale. Nyuma ya bega lake mwanamume anambusu msichana mwingine, aghalabu shoga yake wa chanda na pete. Kama hao wawili hawapo, ipo simu. Kaishika kwa mikono miwili, kaikodolea macho, naye hampigii mtu.

Huku kwetu vijana walimfuata mpelelezi Lance Spearman katika jarida la picha la African Film. Kampuni ya Drum iliyolitoa ilikuwa pia na Sadness and Joy, jarida la mapenzi, lenye picha za kamera na nyuso za Kiafrika. Tuliyapokezana mpaka kurasa zikalegea.

Sasa angalieni maneno ya yule msichana wa Marekani. Mara nyingi yamo ndani ya wingu lenye mkia wa viduara vidogo, yaani hasemi, anawaza. Mwanamume yuko hatua mbili tu nyuma yake na hasikii kitu! Ndani ya jarida la Secret Hearts namba 83, la mwaka 1962, msichana anazama majini. Mpenzi wake yuko karibu, kashikilia mashua iliyopinduka, naye binti anawaza kwamba heri azame kuliko kumwita amwokoe. Mwaka uliofuata mchoraji Roy Lichtenstein aliichora upya picha hiyo, akamwondoa mwanamume kabisa, na leo iko katika jumba la Museum of Modern Art, New York. Watu wanaistaajabia. Mimi inanikasirisha, kwa sababu mtu wa kumsaidia alikuwepo.

Mwite, binti yangu. Kijana akikuahidi kuja na wazee wake kwa ruracio, yaani mahari, kisha miezi ikapita kimya, usikeshe ukingojea tiki ziwe za buluu, wala usimpige vijembe kwenye status mtaa mzima ukisoma. Panda matatu uende Karatina, umkalishe chini, umuulize: unakuja au huji?

Nawe kijana wa kiume, yule wa nyuma ya bega ni wewe. Moyo ukihamia kwa mwingine, mwambie wa kwanza kabla hajakufumania, na umwambie ana kwa ana.

Nawe binti yangu, yule wa Karatina akikujibu kwamba haji, rudi nyumbani ulie hadi utosheke, cucu yako nipo. Nauli ya Karatina njoo uichukue kwangu hata leo.