Toka Babeli hadi Newala: Mti uliopewa kinywa

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, wahenga wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hii mara nyingi tunamtupia mtu tuliyemsaidia kupata cheo, naye akageuka kuja kututisha sisi tuliompandisha. Leo naomba tuichukue kwa maana yake ya asili, yaani mti, tezo na mkono wa mchongaji. Kwani kwa maana hiyo inakaribiana sana na swali alilowauliza Nabii Ibrahim (a.s.) watu wake, kama tunavyolisoma katika Suratus-Saffat (37:95): vipi wanakiabudu kitu ambacho wamekichonga wao wenyewe?

Wafasiri wengi wanasema Ibrahim (a.s.) alizaliwa Iraki, nchi ya Babeli. Katika nchi hiyo yamefukuliwa mabamba ya udongo yanayoeleza ibada iliyofanyika kila lilipokamilika sanamu jipya la mungu wao. Iliitwa kuosha kinywa. Mafundi walioitengeneza sanamu ile waliletwa mbele yake, wakafungwa mikono kwa kitambaa, kisha kuhani akapitisha kisu cha mti juu ya mikono yao kama anayeikata. Nao wakaapa kuwa si wao walioitengeneza, bali imetengenezwa na mungu wa mafundi. Baada ya hapo kinywa cha sanamu kikaoshwa, na tangu siku hiyo ikahesabiwa kuwa inaona, inasikia na inakula sadaka.

Hebu tujiulize, kwa nini seremala aliyekuwa jana na vumbi la mbao mikononi aapishwe kuwa hakufanya kazi aliyoifanya? Ni kwa sababu makuhani walikuwa wanaijua methali yetu kabla yetu. Walijua kwamba aliyechonga hawezi kuogopa, na asiyeogopa hawezi kuleta sadaka. Ikabidi fundi afutwe ili mungu apatikane. Kwa hiyo Ibrahim (a.s.) alipowauliza kuhusu kuchonga alikuwa amegusa pale pale walipopaficha.

Misri nako ilikuwepo ibada ya namna hiyo, wakiiita kufungua kinywa. Ilifanyiwa masanamu na maiti pia. Katika kaburi la mfalme Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, ukutani amechorwa mrithi wake, Ay, amevaa ngozi ya chui, ameelekeza chombo kwenye kinywa cha marehemu. Chombo chenyewe kina umbo la tezo! Chombo kile kile alichotumia fundi kuchonga kikageuzwa kuwa cha kutia uhai. Na huko Abu Simbel, Ramesses wa Pili alichimba hekalu ndani ya mwamba, akaweka nje masanamu yake manne yenye kimo cha mita 20 hivi kila moja, na ndani kabisa akachongwa amekaa safu moja na miungu mitatu. Sisemi kuwa huyu ndiye Firauni wa Musa (a.s.), kwani Qur'an haikumtaja Firauni yule kwa jina lake. Lakini anayetaka kuelewa ni nchi ya namna gani ambayo mtu anaweza kusimama na kudai kuwa yeye ndiye mola mkuu (79:24), aitazame picha ya Abu Simbel.

Waashuri waliweka kwenye milango ya makasri yao mafahali wa mawe wenye mbawa na vichwa vya watu, ili anayeingia aingie akitetemeka. Wafursi, Dario alipochora ushindi wake juu ya jabali la Behistun, yapata mwaka 520 kabla ya Masihi, aliandika kwa lugha tatu kuwa ufalme amepewa na Ahura Mazda. Mfalme anasema amepewa na mungu, na jiwe linamshuhudia. Nani atabisha?

Sasa turudi kwetu. Kutoka hapa Nanganga, njia panda ya Ruangwa na Nachingwea, barabara inakupeleka Masasi, na ukitoka Masasi unapanda Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Wazee wa huko walisilimu kwa wingi katika miaka iliyofuata vita vya Maji Maji (1905–1907), na leo Wamakonde wengi wa Newala na Tandahimba ni Waislamu. Lakini mapiko, vinyago vya ngomani ambavyo wengine wanaviita midimu, havikuondoka siku ile waliyotamka shahada. Wakati wa jando anatoka mtu amefunikwa mwili mzima, uso wa mti umefunika uso wake, na desturi ilikuwa kuwaambia wanawake na watoto kuwa yule si mtu, ni mzimu. Mvulana aliyetoka jandoni ndiye aliyefunuliwa siri kuwa chini ya kinyago yuko mjomba wake. Akaapishwa asiseme.

Mnaona, ndugu zangu? Babeli fundi aliapishwa akane. Kwetu aliyeona ndiye anayeapishwa anyamaze.

Siku moja baada ya darsa kijana mmoja aliniuliza kwa hamasa, "Ustadhi, kama Nabii Ibrahim aliyavunja masanamu, sisi tunangoja nini? Si tukavichome moto?" Swali hili si la kupuuzwa, na wala kijana hakuwa mjinga. Tulijibu kwa utulivu.

Kwanza, tumsome Ibrahim (a.s.) vizuri katika Suratul-Anbiyaa (21:51–67). Hakuyavunja yote. Alimwacha mkubwa wao, na watu wake walipokuja juu akawaambia wamuulize huyo aliyebaki. Wakainamisha vichwa, wakakiri kuwa hasemi. Kinywa kilichooshwa na makuhani hakikuweza kujibu swali moja! Hoja ndiyo iliyowavunja, na hoja hiyo Ibrahim aliisimamisha mchana, mbele ya watu wote, na akaubeba moto waliomwashia. Anayechoma kinyago usiku na kukimbia hamfuati Ibrahim katika hilo. Kijiji kitaamka na hasira, na wiki ijayo kitachongwa kingine. Mti upo, na tezo lipo.

Pili, Mtume (s.a.w.) aliyaondoa masanamu ya Al-Kaaba mwaka wa 8 Hijria, na hapana Muislamu anayelionea shaka hilo. Ile ni Nyumba ya Allah iliyorudishwa kwenye tawhidi. Lakini Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) alipoingia kasri la Kisra huko Madain mwaka wa 16 Hijria, Tabari anasimulia kuwa aliswali ndani ya ukumbi ule na masanamu ya plasta ya watu na farasi yakiwa yamebaki humo. Amr bin Al-As (r.a.) akaifungua Misri, na mahekalu yake yamesimama mpaka leo. Je, sisi tuna uchungu wa tawhidi kuwashinda hao? Mwaka 2001, Taliban walipotaka kuyalipua masanamu ya Bamiyan, ulikwenda ujumbe wa wanazuoni, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, kuwasihi waache. Hawakusikilizwa. Mwaka 2015 kundi lililojiita Dola ya Kiislamu likawavunja wale mafahali wa Waashuri, Ninawi na Nimrud. Na kabla ya hapo, Julai 2014, watu hao hao waliulipua msikiti wa Nabii Yunus mjini Mosul. Walipokuja kufukuzwa ikaonekana kuwa chini ya msikiti ule liko kasri la mfalme wa Ashuri. Tuliobaki tukalia msikiti.

Tatu, na hili kijana wangu lilimchekesha. Mwaka 1984 kiliibwa kinyago cha Kimakonde katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kikauzwa, kikaishia kwenye makumbusho ya watu binafsi mjini Geneva, na kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Miaka ile yote ya Ulaya hakikumtisha mtu. Kwa nini? Kwa sababu huko hapakuwa na aliyeambiwa kuwa ni mzimu. Uwongo ndio unaotisha, na uwongo unakaa mdomoni mwa watu. Wachawi wa Firauni nao, Allah (s.w.) anatuambia, waliyafanyia kazi macho ya watu na kuwatia hofu (7:116), ilhali zilikuwa kamba na fimbo.

Basi kazi yetu ni kusema. Baba wa Kiislamu anayempeleka mwanawe jandoni, na tohara ni sunna, awaambie mkewe na binti zake kuwa chini ya kinyago yuko binadamu, na awataje kwa majina kama anawajua. Hapo itabaki ngoma, nayo tuipime kama tunavyopima ngoma nyingine. Na sisi wa mjini tusicheke sana. Mtu anamkejeli Mmakonde na lipiko lake, huku amefunga kiunoni hirizi aliyouziwa na mganga mwenye kanzu, na ameambiwa asiifungue. Asifungue kwa nini? Wamisri nao walizikwa na hirizi zao.

Linabaki suala la mchongaji, nalo ni zito kwa kuwa linahusu mkate wa watu. Vinyago vya mpingo vinavyopangwa Mwenge kwa watalii havina ibada yoyote. Hata vile vinavyoitwa vya shetani havikutoka mizimuni, vilianza Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na vinahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa. Ni biashara. Hata hivyo Hadithi zinazomuonya mwenye kutengeneza sura za viumbe wenye roho ni sahihi, hatuwezi kuzifunika. Wapo wanaotoa hoja ya masanamu aliyotengenezewa Nabii Suleiman (34:13), na wanazuoni wengi wamejibu kuwa hiyo ilikuwa sharia ya kabla yetu. Mimi naona jibu la karibu zaidi ni la Ibn Abbas (r.a.), kama lilivyo katika Bukhari. Alimjia mtu akamwambia kuwa chumo lake linatokana na mikono yake, naye anatengeneza picha. Ibn Abbas alimsomea onyo la Mtume (s.a.w.), na mtu yule akabadilika rangi. Hapo akamuelekeza: kama huna budi, basi tengeneza miti na kila kisicho na roho. Hakumwambia akae na njaa.

Pwani yetu inaijua sanaa hiyo. Mihrabu ya Kizimkazi ina maandishi ya mwaka 500 Hijria, na milango ya Lamu na Unguja imejaa maua na minyororo. Mkono unaoweza kutoa watu kumi waliobebana katika gogo moja la mpingo hautashindwa na ua. Ombi langu ni kwa kamati za misikiti, kuanzia Nanganga mpaka Newala. Kabla hamjaagiza milango ya aluminiamu kutoka Dar es Salaam, nendeni kwa mchongaji Muislamu wa kijijini kwenu mkamuulize bei ya mlango, ya mimbari na ya marfaa za kuwekea misahafu, na mumlipe kwa wakati.

Wallahu a'lam.