Simu na Kompyuta Zibadilishwe Lini? Mizani ya Haja na Tamaa katika Mwezi wa Ramadhani

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), suala lililokusudiwa hapa ni dogo kwa umbo, kubwa kwa matokeo yake: Muislamu aibadilishe simu yake, au kompyuta yake, baada ya muda gani?

Mji wa Makambako umekaa penye njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana hapo na barabara iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake papo hapo. Bidhaa nyingi hupita mbele ya macho ya watu, na jicho halina mlango. Likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, Waislamu wa Makambako na wa Njombe huenda madukani kutafuta nguo za watoto na mchele wa Idi. Na siku hizi wako watafutao pia simu mpya, kana kwamba Idi haitimii bila ya hiyo.

Na upigwe mfano wa mtu mmoja, mkulima wa viazi katika vijiji vya Njombe. Simu yake ina miaka 4. Yapiga na kupokea, yatuma fedha na kuzileta, na usiku aisoma Kurani humo. Aibu yake ni mbili tu: chaji yaisha kabla ya alasiri, na jirani yake wa safu msikitini ana iliyo mpya. Ameuza viazi, fedha anazo. Lakini mbele yake pana zakatul-fitri ya watu wa nyumba yake, deni la mbolea, na karo ya mtoto. Mwenye duka amwambia: chukua leo, utalipa kidogo kidogo. Je, afanye nini?

Jawabu lake limo ndani ya saumu aliyoifunga. Tangu alfajiri hata magharibi mtu huyu huacha maji na chakula, navyo ni halali yake, tena mwili wavihitaji. Funzo lililo wazi ni kwamba si kila iitakalo nafsi ni haja, na kwamba mtu aweza kuiambia nafsi yake ngoja, nayo ikangoja. Basi ni ajabu mtu kuyaweza maji ya adhuhuri, kisha akashindwa na kioo cha duka jioni.

Wanavyuoni, na mashuhuri miongoni mwao Imamu Shatibi, aliyefariki mwaka 790 wa Hijra (1388), wameyapanga maslaha ya watu daraja tatu: yaliyo dharura, yaliyo haja, na yaliyo pambo. Simu yaweza kuingia katika kila moja. Kwa mkunga anayeitwa usiku ni karibu na dharura. Kwa mfanyabiashara ni haja. Na kwa yule atakaye kamera nzuri kuliko ya mwenziwe ni pambo. Wala pambo si haramu kwa asili yake. Lililokatazwa ni kulitanguliza pambo mbele ya haja, na haki ya nafsi mbele ya haki ya watu. Kurani imewakemea wafujao mali ikawaita ndugu za mashetani. Na mahali pengine imewasifu wale ambao wakitoa hawapiti kiasi wala hawafanyi uchoyo.

Kwa hiyo la kwanza ni kuutazama ugonjwa wa chombo kabla ya kukizika. Betri za simu ni za madini ya lithiamu, nazo huchoka kwa kuchajiwa. Kampuni ya Apple yasema ya kwamba betri za simu zake za kabla ya iPhone 15 hubakiwa na sehemu 80 katika 100 za nguvu zake baada ya kuchajiwa kamili mara 500. Basi simu iishiwayo na chaji mapema mara nyingi haikufa. Imechoka betri tu, na betri hubadilishwa na fundi. Mtume (s.a.w.), kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.), alikuwa akishona kiatu chake kwa mkono wake. Hapana aibu katika kutengeneza.

Walakini asidhani mtu ya kwamba kung'ang'ania kikuukuu ndio uchaji Mungu. Chombo cha siku hizi kina uhai wa namna mbili: wa mwili wake, na wa programu zinazokilinda na wezi. Kompyuta za Windows 10 zilikoma kupata ulinzi wa kawaida wa mwenye kuutengeneza mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, hali nyingi kati yake zingali nzima; baadhi yake huwekewa mfumo mwingine, kama Linux, zikaendelea kutumika. Simu nazo zina muda wao, na baadhi ya zilizotoka tangu mwishoni mwa mwaka 2023 ziliahidiwa ulinzi wa miaka 7. Mtu ashikaye fedha za wenziwe katika simu, kama mweka hazina wa msikiti au wa kikundi cha akina mama, akijua ulinzi wake umekatika na uwezo wa kubadilisha anao, kisha akakaa nayo kwa ubakhili, huyo ameicheza amana ya watu. Hapo kununua ni wajibu wake, na kuchelewa ndiko kosa.

Ama mkopo wa duka, usichukuliwe kwa pupa. Bei ikikatwa tangu mwanzo, isizidi kwa kuchelewa, wengi wa wanavyuoni wameijuzisha, hata ikiwa juu kuliko bei ya taslimu. Lakini ikiwa mwenye kuchelewa huongezewa, hiyo ni riba, na jina zuri haliitoharishi. Na hata iliyo halali ni deni, na deni ni hamu ya usiku na unyonge wa mchana.

Tena iangaliwe mwisho wa simu ya zamani. Mtume (s.a.w.) alitia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni akakuta chini imelowa, akamkemea muuzaji, akabainisha ya kwamba adanganyaye si katika wao. Basi auzaye simu iliyoingia maji aseme imeingia maji. Wala isitupwe shimoni, kwani ina sumu. Umoja wa Mataifa ulihesabu taka za vyombo vya umeme za mwaka 2022 kuwa tani milioni 62 duniani, na hazikufika robo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa. Na mtu wa Makambako hana haja ya kwenda mbali kuona mwanzo wa mambo haya: shaba na kobalti ya Kongo, iingiayo katika vyombo hivi, hupita mbele ya mlango wake juu ya malori yaendayo bandari ya Dar es Salaam. Nyuma ya kila simu pana jasho la wachimbaji, nalo si la kufanyiwa mchezo.

Basi sheria haikuweka idadi ya miaka, mitatu wala kumi. Imeweka mizani: chombo hubadilishwa kinaposhindwa na kazi yake au na amana iliyomo, si jicho linapokinai. Mkulima yule na atoe fitri yake kabla ya sala ya Idi, alipe deni la mbolea na karo, kisha atie betri mpya. Kikibaki kitu baada ya hayo, naye akaona bado ana haja, anunue kwa taslimu na kumshukuru Mola wake. Na akisimama katika safu siku ya Idi na simu yake ya miaka 4 mfukoni, hana deni la mtu shingoni, huyo ndiye aliyevaa vizuri.

Mwenyezi Mungu awaruzuku Waislamu kukinai, azipokee saumu zao, na awaepushe na ufujaji na uchoyo pia. Amin.